Profesa Fukurai na Jicho Lisilozuiwa na Pazia

Wahenga wetu walinena kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii tumezoea kuisikia penye mambo ya uchumba na ndoa, pale kijana anaposifia kasoro ambayo mji mzima waiona. Leo, ndugu msomaji, nataka kuitumia kwa mtu aliyependa hoja. Alikuwa msomi wa kweli, mwenye shahada kubwa ya chuo kikuu cha kwanza cha nchi yake. Lakini kuipenda hoja hiyo kulimng'oa kitini, kukaifanya ilimu yake ikate tawi lake moja zima, na wanawake wawili wakaingia kaburini huku majina yao yakivutwa huku na huku magazetini.

Mtu huyo ni Fukurai Tomokichi wa Japani. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hivyo Fukurai ni la ukoo na Tomokichi ni lake mwenyewe. Huku kwetu ni wachache wamjuao. Kwao, jina lake halikosi kutajwa kila inapozungumzwa habari ya mtu kuona yaliyofichika.

MTOTO WA ZAMA MPYA

Fukurai alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Takayama, milimani katika mkoa wa Gifu. Mwaka mmoja kabla yake, 1868, utawala wa majemadari walioishika Japani kwa zaidi ya miaka mia mbili na nusu ulikuwa umeanguka, na mfalme Meiji amerudishiwa enzi. Nchi iliyokuwa imefunga milango ikaifungua kwa kishindo. Vijana wakapelekwa Ulaya na Marekani kutafuta ilimu, na mwaka 1877 Chuo Kikuu cha Tokyo kikaanzishwa.

Miongoni mwa ilimu zilizoingia ilikuwamo ile iitwayo saikolojia. Wajapani hawakulichukua jina la kigeni, walijiundia lao, shinrigaku, lenye sehemu tatu: moyo, kanuni na ilimu. Ilimu ya kanuni za moyo. Mtu wa kwanza kuisomesha hasa katika chuo hicho alikuwa Motora Yujiro, aliyepata udaktari wake Marekani, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mwaka 1888. Huyu alitaka moyo wa binadamu upimwe kwa vyombo na saa, kama vile daktari apimavyo homa, na mwaka 1903 maabara ya saikolojia ikafunguliwa Tokyo.

Fukurai alikuwa mwanafunzi wa Motora. Naye alikuwa hodari, mwenye kusoma sana, na ndiye aliyekitia katika Kijapani kitabu cha saikolojia cha Mmarekani William James. Lakini wakati wenziwe walipokuwa wakipima kasi ya mkono na upesi wa jicho, yeye moyo wake ulivutwa na upande wa giza wa akili: usingizi wa kulazwa kwa maneno, uitwao hipnosisi, kupagawa, njozi, na mtu kunena asiyoyajua akiwa macho. Hizi ni hali ambazo hapa pwani mara nyingi tumezihesabu kuwa kazi ya pepo. Mwaka 1906 alipata udaktari kwa utafiti wake juu ya hipnosisi, na mwaka 1908 akafanywa profesa msaidizi wa chuo hicho. Alikuwa na miaka ipatayo 39, na njia imenyooka mbele yake.

Tusimhukumu haraka kwa hayo aliyoyatafuta. Zama zile hata Ulaya wasomi wakubwa walikuwa wakiyatafuta. Mwaka 1882 kilianzishwa chama London cha kuchunguza habari za mizuka na mawasiliano ya akili kwa akili, na huyo huyo William James alikuwa miongoni mwa walioanzisha mfano wake Marekani. Tena mwaka 1895 Mjerumani Röntgen alivumbua miali ya eksirei, ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Ikiwa miali isiyoonekana yaweza kupenya mkono wa mtu, nani wa kuapa kwamba akili haiwezi kupenya bahasha? Swali lilikuwa halali. Tuliolelewa vyuoni twajua kwamba ghaibu ina Mwenyewe, ila kuuliza jicho la binadamu laona mpaka wapi si dhambi. Taabu ilikuja katika namna ya kuuliza.

BINTI WA KUMAMOTO

Kusini mwa Japani, katika mkoa wa Kumamoto, kulikuwa na mwanamke kijana aitwaye Mifune Chizuko, aliyezaliwa mwaka 1886. Shemeji yake, Kiyohara Takeo, alikuwa akiishughulikia hipnosisi, ambayo wakati huo ilikuwa imewapanda watu vichwani nchi nzima. Siku moja alimlaza Chizuko kwa maneno, akamuuliza mambo yaliyo mbali, na majibu yakamstaajabisha. Tangu hapo binti akazoezwa kutuliza pumzi na moyo mpaka akawa haitaji tena kulazwa. Sifa zikaenea kwamba aona ndani ya kilichofungwa na ndani ya mwili wa mgonjwa. Watu wakaanza kumiminika nyumbani.

Habari zikamfikia Fukurai Tokyo, na pia Imamura Shinkichi, profesa wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Kyoto. Fukurai alianza kwa kumpelekea kwa posta kadi zilizofungwa, azisome bila ya kuzifungua. Aprili 1910 wakasafiri pamoja kwenda Kumamoto kumwona kwa macho yao.

Sasa hapa, msomaji, tulia kidogo, kwa sababu kisa chote kimefungwa katika jambo hili moja. Bibi Chizuko hakuweza kufanya kazi yake mbele ya uso wa watu. Alisema hutahayari, na moyo hautulii. Basi alikaa akiwapa mgongo, kile kitu kilichofungwa amekipakata, na mikono yake haionekani. Baada ya muda hugeuka akasema kilichoandikwa ndani, na mara nyingi husema sawa.

Fukurai alitazama mgongo ule, akaridhika. Alimwona binti mpole, mwenye haya, asiye na dalili ya hila, na vifungo vilivyorudi vizima. Kwake yeye kumlazimisha ageuke kungekuwa ni kuizima taa ili kuona kama inawaka. Akarudi Tokyo akitangaza kwamba amekutana na jambo jipya katika ilimu. Magazeti yakalipokea neno la kale, senrigan, yaani jicho lionalo masafa elfu, yakalifanya wimbo wa nchi. Kila mkoa ukajitokezea na mtu wake mwenye jicho hilo.

KIBOMBA KISICHOKUWA KATIKA HESABU

Wasomi wa fizikia walitaka kuona. Mkubwa wao alikuwa Yamakawa Kenjiro, mzaliwa wa 1854, mtoto wa ukoo wa wapiganaji wa Aizu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani. Alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tokyo tangu 1901 hata 1905, na katika 1896 alikuwa mmoja wa Wajapani wa kwanza kuijaribu miali ya eksirei. Alikuwa mtu wa kufuata njia na asiyechezewa.

Katikati ya Septemba 1910 Bibi Chizuko aliletwa Tokyo, kwenye majilisi ya maprofesa. Yamakawa alikuwa ameandaa vibomba vya madini ya risasi, kila kimoja kina karatasi ndani yenye herufi tatu, na ncha zake zimezibwa. Binti akachukua kibomba, akaenda kukaa kwa desturi yake. Baadaye akatoa jibu la herufi tatu. Kibomba kikafunguliwa, na herufi zilikuwa zile zile.

Kwa dakika chache Fukurai alikuwa mshindi. Kisha Yamakawa akatazama orodha yake, akaona herufi zile hazimo. Kibomba kile hakikuwa katika vibomba vyake. Walipouliza, ikabainika kwamba ni kibomba ambacho Fukurai mwenyewe alikuwa amempa Bibi Chizuko kabla ya siku ile, ajizoeze. Yeye alieleza kwamba vya Yamakawa vilimshinda, ndipo akakishika kile.

Majaribio mengine yalifanywa siku zilizofuata, na Fukurai akayahesabu kuwa yamefaulu. Lakini wapi! Maji yalikwisha kumwagika. Magazeti yaliyompandisha Bibi Chizuko juu ya mabega yakaanza kumtupa chini. Aliporudi kwao hakukuta faraja, kwani hata nyumbani mlikuwa na mivutano juu ya kipaji chake na mapato yake. Januari 1911 alikunywa sumu, akafariki. Alikuwa na miaka 24.

PICHA ZA FIKIRA

Fukurai wakati huo alikuwa amekwisha kupata mwingine. Katika mji wa Marugame, mkoa wa Kagawa, alikuwako Bibi Nagao Ikuko, mke wa hakimu, mwanamke wa heshima na ibada. Huyu hakuwapa watu mgongo, na hilo lilimfurahisha Fukurai. Ili kumjaribu, alitumia bamba la kioo la kupigia picha, lililopigwa maandishi lakini halijasafishwa, ili kusiwe na mtu yeyote awezaye kuyaona kwa jicho la kawaida. Bamba liliposafishwa likaonekana kama lililoguswa na mwanga. Mtu mwingine angedhani limeingiwa na mwanga kwa bahati mbaya. Fukurai aliwaza kwamba pengine akili ya Bibi Ikuko ndiyo iliyoligusa. Akamwomba atie kwa makusudi herufi fulani juu ya bamba jipya kwa nguvu ya fikira tu, na herufi zikatokea. Hiyo akaiita nensha, picha ya fikira. Ilikuwa Desemba 1910.

Mwezi uliofuata Yamakawa na wanafizikia wenziwe walikwenda Marugame. Huko mambo yalichafuka kwa namna nyingine. Katika jaribio moja, lilipofunguliwa sanduku la mabamba, ndani hamkuwa na bamba. Upande wa Bibi Ikuko ukaona umefanyiwa hila, wanafizikia nao wakajitetea, na ugomvi ukahamia magazetini. Mwishowe wanafizikia walichapisha kitabu cha majaribio yao, na ndani yake wakaeleza kwamba vitu vya kujaribiwa vilikaa mahali wasipoweza kuvilinda, na kwamba masharti waliyopewa na wenyeji hayakuacha nafasi ya kuthibitisha lolote. Yamakawa alikiandikia utangulizi. Bibi Ikuko aliugua kichomi, na kabla ya Februari 1911 kumalizika naye akafariki.

Wanawake wawili, miezi miwili. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

KUSHUKA KITINI

Mtu mwingine angenyamaza. Mwalimu wake Motora, aliyekuwa kivuli chake chuoni, alifariki Desemba 1912, na wenziwe katika saikolojia walikwisha kujitenga naye. Fukurai hakunyamaza. Alimpata mwanamke wa tatu, Takahashi Sadako wa Okayama, akafanya naye majaribio, na mwaka 1913 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya jicho la mbali na picha za fikira. Humo alishikilia kwamba mambo haya ni hakika.

Mwaka huo huo Yamakawa alikuwa amerudi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Oktoba 1913 Fukurai alipewa likizo ya lazima, na mwaka 1915 akawa si mwalimu wa chuo tena. Alikuwa na miaka ipatayo 46.

Alichokifuata baadaye chaeleza tabia yake. Aliingia katika mafunzo ya madhehebu ya Kibuddha iitwayo Shingon, madhehebu ya siri na tafakuri. Mwaka 1921 alifanywa mkuu wa shule moja ya wasichana ya madhehebu hiyo, na tangu 1926 hadi 1940 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Koyasan, juu ya mlima mtukufu wa Shingon. Mwaka 1928 alikwenda London kwenye mkutano wa wanaoamini mawasiliano na roho, na mwaka 1931 kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza.

Mwaka 1933, mbele ya hadhara mkoani kwao Gifu, alimfanyia majaribio mtu aitwaye Mita Koichi, aliyedai kuweza kuupiga picha kwa fikira upande wa mwezi ambao sisi wa duniani hatuuoni kamwe. Bamba likatoka na duara jeupe lenye madoa. Fukurai akaliweka kama amana ya kesho. Kesho hiyo ilikuja Oktoba 1959, chombo cha Kirusi Luna 3 kilipouzunguka mwezi na kuleta picha za kwanza za upande ule. Wafuasi wake walidai kuona mfanano, wanajimu hawakuukubali. Mwenyewe hakuyashuhudia mabishano hayo. Alifariki Machi 1952 katika mji wa Sendai, akiwa na miaka 82, bila ya kurudi nyuma hata hatua moja. Mwaka 1960 wafuasi wake walifungua mjini humo taasisi yenye jina lake.

Nao wale wanawake hawakusahauliwa, ila wamekumbukwa kwa namna ambayo wasingeitaka. Riwaya ya Kijapani ya mwaka 1991 iitwayo Ring, iliyofanywa filamu mwaka 1998, ina mzimu wa kike uitwao Sadako, mwenye kutia picha kwa nguvu ya fikira, na mama yake alijaribiwa na profesa mbele ya watu, akaaibishwa, akajiua. Kijana aliyetetemeka sinemani pengine hajui kwamba nyuma ya kitisho kile kulikuwa na binti mwenye haya wa Kumamoto.

JARIBIO KALI NI NGAO YA MKWELI

Wako wanaosema Fukurai alikuwa mwongo. Mimi sioni dalili ya hilo. Mwongo angegeuza dau upepo ulipogeuka. Huyu alipoteza cheo, heshima na marafiki kwa jambo aliloliamini. Wako tena wanaosema Yamakawa na wenziwe walikuwa madhalimu. Hilo nalo halisimami, ingawa bamba lililokosekana Marugame latufunza kwamba hata mtahini yafaa awe na shahidi juu yake.

Kosa la Fukurai lilikuwa moja, nalo ni la huruma. Alidhani kumwekea binti masharti magumu ni kumtilia shaka, na kumtilia shaka ni kumvunjia heshima. Lakini fikiri, msomaji. Mbele ya kadhi, mtu mwenye haki hachukii kuambiwa alete mashahidi. Huwaleta kwa furaha, kwani ushahidi ndio utakaomsafisha. Anayelegezewa masharti leo ndiye atakayekosa la kujitetea kesho. Ikiwa Bibi Chizuko alikuwa mkweli, basi ule mgongo aliougeuza kwa idhini ya profesa ulimnyang'anya siku moja ambayo mikono yake ingeonekana na kila mtu angekubali. Na ikiwa alikuwa akifanya ujanja mdogo wa kijijini, basi profesa ndiye aliyeutoa ujanja huo barazani kwao na kuuweka mbele ya wasomi wakubwa wa taifa, mahali ambapo hapakuwa na njia ya kurudi. Kwa vyovyote viwili, aliyemdhulumu zaidi ni yule aliyempenda. Na kile kibomba cha kujizoezea, nani alimpa?

Hasara haikuishia kwa watu. Saikolojia ya Japani, ikiogopa kuchafuliwa tena, ilijifungia katika maabara yake ya saa na vipimo. Wanahistoria wa ilimu hiyo wasema kwamba uchunguzi wa akili zilizoumia, wa hipnosisi na wa hali zisizo za kawaida, ulikaa kama yatima katika vyuo vikuu kwa miaka mingi baada ya Fukurai kuondoka. Mlango ulifungwa kwa sababu ya mgeni mmoja, na wagonjwa wengi wakabaki nje.

Hapa kwetu pia hakukosekani watu wanaoambiwa kuwa wana jicho, wala hawakosekani wanaowashangilia. Mara nyingi ni watoto wa watu, wenye haya, waliosukumwa mbele na jamaa au na msomi mwenye shauku. Atakayetaka kuwasaidia na awaombe wageuke, waitazame hadhara, na mikono yao iwe mezani. Wakishindwa, watarudi nyumbani hali ya kuwa ni siri ndogo. Wakishinda, hakuna atakayeweza kuwapokonya.

Fukurai alitafuta jicho lisilozuiwa na pazia, na pazia lenyewe lilikuwa limemning'inia yeye. Mola atujaalie kuyapenda tuyapendayo bila ya kuita chongo kengeza.